Tredimili inasema kalori 380, saa inasema 240. Niamini ipi?

BintiTabata:
Wadau habari zenu. Jana jimu nimetembea dakika 45, spidi kilomita 6 kwa saa, mwinuko asilimia 6. Mashine ikaandika kalori 380, saa ya mkononi 240. Nina kilo 58. Shoga yangu anasema shika hiyo kubwa, ukale chapati zako kwa amani. Hizi namba zinatoka wapi jamani?

KochaUkonga:
Dada, mashine ilikuuliza uzito? Kama ulibonyeza kuanza na kuondoka, jibu ndilo hilo. Nyingi hutegeshwa kwa mtu wa kilo 70 hivi. Tupige hesabu kwa kanuni ya ACSM, chuo cha Marekani cha tiba ya michezo. Spidi 6 ni mita 100 kwa dakika. Ukiongeza na mwinuko wako, mwili unataka mililita 24.3 za oksijeni kwa kila kilo, kila dakika. Lita moja ya oksijeni ni kama kalori 5. Mwenye kilo 70, kwa dakika 45, anapata 383. Umeona? Wewe wa kilo 58 unapata 317, na humo 43 hivi ungezichoma hata ukiwa umejilaza kwenye kochi.

BintiTabata:
Kumbe! Haikuuliza kitu. Na kushika vishikio je? Mwinuko 6 unachosha bwana.

KochaUkonga:
Hapo zinashuka tena. Kanuni inamhesabu mtu aliyeachia mikono. Kuna watu wanaweka mwinuko 12 halafu wananing'inia pale kama popo, mashine inawahesabia tu, haioni mikono.

MzeeWaBaiskeli:
Na saa nayo usiitegemee. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima vifaa 7 vya mkononi kwa watu 60. Mapigo ya moyo, 6 kati yake vilikosea chini ya asilimia 5. Kalori sasa: kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, cha mwisho 93! Mimi nimebaki na baiskeli inayopima wati, yaani nguvu unayosukumia pedali. Wati 100 kwa nusu saa ni kilojuli 180 kwenye pedali, na kwa kuwa karibu robo tatu ya nguvu ya mwili huishia kuwa joto, mwili hutumia kama mara nne ya hizo; kalori moja nayo ni kama kilojuli 4, basi kalori nazo huja kwenye 180 hivi. Ila iwe inapima kweli, isiwe inakisia.

BintiTabata:
Asanteni. Tredimili yetu haina hata pa kuingiza uzito.

KochaUkonga:
Basi chukua namba yake, zidisha kwa 58, gawanya kwa 70. Na mwinuko shusha mpaka 3, uachie hivyo vishikio.