Sheikh na padri kwenye paredi SI somo la kuvumiliana! Skuli za Mombasa, acheni kiini macho

Jamani, inachosha. Wanafunzi wakitupiana maneno bwenini kwa ajili ya dini, dawa ni ile ile: aitwe sheikh, aitwe padri, washikane mikono mbele ya paredi, picha ipigwe, kwisha. Kisha kengele ya somo la dini inalia na tunawagawa papo hapo. Wa CRE (dini ya Kikristo) wabaki darasani, wa IRE (dini ya Kiislamu) wakatafute kivuli cha mwembe au meza za bwalo. (Mhindu? Akae maktaba.) Wanasoma dini wamepeana visogo, halafu tunauliza mbona hawajuani!

Na msiniambie ati nafasi hakuna. Kipindi cha PPI, yaani cha malezi ya kiroho, kimo kwenye ratiba kila wiki. Kimeliwa na hisabati. Mwaka huu wa 2026 Kwaresima ilianza Februari 18, na Ramadhani juma hilo hilo. Funga mbili ndani ya darasa moja! Nani aliitumia nafasi hiyo?

Kazi yenyewe ya kuwajuanisha haitaki hata shilingi. Makundi ya wanne, wawili wa dini hii na wawili wa ile. Ukimweka Muislamu mmoja kati ya Wakristo watano, au kinyume chake, umemgeuza wakili wa dini nzima, na akikwama atachekwa. Swali liwe la matendo: unafungaje, nini kinaharibu funga, nani ana udhuru. Mmoja aeleze dakika 5, mwenziwe wa dini nyingine arudie kwa maneno yake mpaka mwenye dini aseme, "Ndivyo." Kisha wabadilishane. Huko kurudia ndiko walimu wanakokuruka, na ndiko somo lilipo. Bila yake mmesikiliza mahubiri mawili tu. Suala la Yesu na Nabii Isa lisitangulie, la sivyo mtaishia mhadhara wa barabarani, kila upande na aya zake. Na mwalimu achunge "sisi" na "wao" zake, watoto wana masikio.

Wazazi wanaohofia kuchanganyiwa watoto dini wana haki yao: Kifungu cha 32 cha Katiba hakiruhusu mtu kulazimishwa kutenda kinyume na imani yake. Basi hakuna kuombeshana wala kuimbishana, na barua iwafikie nyumbani mapema ikisema hivyo waziwazi. Mzazi akilisikia jambo mtaani kwanza, atakuja ofisini na nusu ya mtaa.

Walimu wa Likoni, Kisauni na Changamwe: PPI ya juma lililopita mlifundisha nini? Na msiniambie logarithimu.