MREJESHO: Kujitungia digrii ya takwimu, kilimo na sosholojia

Wakuu, salaam kutoka Mbeya. Mwaka jana niliuliza kama naweza kujitungia digrii yangu mwenyewe, nichanganye takwimu, kilimo na sosholojia, maana nataka kuchunguza biashara ya viazi vya Umalila. Asanteni mno kwa majibu.

Aliyesema niandike barua kwa mkuu wa kitivo, niliandika. Ikagonga mwamba: programu ya digrii lazima iwe na ithibati ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), na haiombwi kwa ajili ya mwanafunzi mmoja. Barua ilikaa masjala wiki tano, jibu nikapewa dakika mbili mlangoni.

Kilichonitoa ni ushauri wa yule dada: baki kwenye takwimu, chukua kozi za hiari idara nyingine. Sosholojia ya vijijini nimepata (fomu isainiwe na wakuu wa idara zote mbili, msisahau). Uchumi wa kilimo umegongana na vipindi vyangu vya Jumatano, basi tena.

Ila mada ya utafiti imepita, na nina wasimamizi wawili! Jumamosi nilikuwa shambani napima lumbesa (magunia yaliyojazwa kupita kipimo) kwa mzani wa kuning'iniza. Gunia la "kilo mia" likasoma 138. Mama mwenye viazi akacheka: "Mwanangu, hilo mbona dogo."