Naomba ushauri: Suzuki ya turubai, Arusha hadi Ziwa Natron

Mwana_wa_Sakina

Wakuu, salaam. Mwezi uliopita nilifanikiwa kununua Suzuki Samurai ya turubai, ile ambayo ukishakunja inabaki wazi juu na nyuma. Injini ni 1.3, fundi ameikagua, giaboksi na difu zote mbili ziko salama. Mwezi wa saba nataka kwenda nayo Ziwa Natron: Makuyuni, Mto wa Mbu, Engaruka, Ngare Sero, tulale siku mbili turudi. Tutakuwa watatu, mimi, mke wangu na mdogo wangu wa miaka 14, ambaye ana ualbino. Safari hii ni kwa ajili yake. Tangu yuko darasa la tatu ananiuliza heroe (flamingo) wanataga wapi.

Jumapili tulijaribu gari hadi Monduli Juu, turubai limekunjwa. Mimi nilirudi na macho mekundu, vumbi hadi kwenye kope. Yeye alivaa kofia, upepo ukaichukua hata hatujafika mbali, na mimi sikusimama kuirudia. Jioni shingo yake na migongo ya mikono ilikuwa imeiva kwa jua, hataki hata shuka limguse. Mama hakusema kitu, alinitazama tu. Sitaki jambo hilo lirudie.

Nibebe nini, tuvae nini, turubai nifungue au nifunge? Na tukirudi naweza kupita nayo Hifadhi ya Tarangire?

Fundi_Kijenge

Hongera kwa gari, mkuu. Nianze na vumbi maana hapo ndipo wengi wanakosea. Ukiacha paa na mbavu zimefungwa halafu ukafungua nyuma peke yake, gari linavuta. Upepo unapita juu na pembeni, nyuma panabaki mvuto, vumbi la matairi yako mwenyewe linaingia ndani pamoja na moshi wa ekzosi. Abiria wa nyuma anaanza kuumwa kichwa na mnadhani ni joto. Kwa safari yako acha paa juu, funga nyuma, vioo vya mbele shusha kidogo ili hewa iingie kwa mbele.

Pili, mikanda. Samurai ni fupi, nyepesi na imesimama juu. Ukikata kona kwa kasi kwenye kokoto inalala. Gari la bati likilala bado una paa, lako lina kitambaa. Angalia kama bomba la nyuma ya viti, lile la kukinga vichwa gari likipinduka, limefungwa kwenye bodi kwa bolti nzima na si kwenye bati lililooza. Kama kiti cha nyuma hakina mkanda, usimpakie mtoto mpaka ufungwe. Hiyo ni kazi ya nusu siku tu.

Mama_K_Moshi

Kaka, mimi ni mama wa binti mwenye ualbino. Pole sana kwa hiyo Jumapili, na mpe pole mdogo wetu.

Kwenye gari la wazi jua lina hila, upepo unapoza ngozi na mtoto hasikii anavyoungua. Usisubiri alalamike. Mpake mafuta ya kukinga jua nusu saa kabla ya kuondoka na urudie kila baada ya saa mbili, hata kama mawingu yametanda. Paka masikio, nyuma ya shingo, migongo ya mikono na midomo. Kuna mafuta yanayotengenezwa hapa Moshi, hospitali ya KCMC, mahsusi kwa watu wenye ualbino, yanaitwa Kilisun. Ulizeni kliniki yenu ya ngozi.

Lakini nguo ndiyo kinga ya kwanza, mafuta yanafuata. Shati la mikono mirefu la kitambaa kizito kidogo, suruali, glavu nyepesi, na kofia ya ukingo mpana yenye kamba ya kufunga kidevuni. Juu ya kofia zungusha kanga, pindo moja liingie kwenye kola. Kanga hiyohiyo itamkinga vumbi puani. Miwani iwe ya jua halisi na iwe inafunga pembeni, maana macho yao yanaumia kwa mwanga kuliko yetu. Na pale Natron jua linapiga chini kwenye magadi na kurudi juu, kofia peke yake haitoshi.

Simba_Barabara

Sasa ndugu zangu, ukifunga turubai safari nzima ulinunua Samurai ya nini? Raha yake ni upepo.

Fundi_Kijenge

Mkuu, raha ipo. Jua likizama, wakiwa wamesimama kambini, akunje turubai, mtoto aangalie nyota. Mchana hapana.

Dereva_wa_Lengai

Hiyo njia nimeipita mara nyingi na wageni. Ondokeni Arusha saa 11 alfajiri. Jazeni mafuta Mto wa Mbu hata kama tangi limebaki nusu, mbele huko ni ya kwenye chupa. Mafuta ya akiba yawe kwenye galoni la chuma, lifungwe nje nyuma. Dumu la mafuta ya kula ndani ya gari la turubai kwenye joto lile linavimba na kuvuja mkiwa mmelikalia. Maji beba lita 20 mbali na ya kunywa, na fedha taslimu, kuna mageti njiani.

Lami ikiisha shusha upepo wa matairi. Kwa wepesi wa Samurai, kama lami ulikuwa psi 26, weka 20 kwenye kokoto. Mkikaribia mlima Lengai kuna majivu ya volkano, laini kama unga wa sembe. Hapo shuka hadi 15, uende polepole, usikate kona kali tairi lisije likavuka rimu. Kabla ya kuingia shuka ufunge habu za mbele (vile vifungio vya katikati ya magurudumu) kwa mkono, zote mbili. Wengi wanaweka gia ya 4x4 wakasahau habu, wanachimba shimo kwa nyuma tu. Na uwe na pampu ya kurudishia upepo.

Makorongo: hata mwezi wa saba ukikuta maji, zima gari usubiri. Mvua inaweza kuwa imenyesha juu milimani wakati wewe uko kwenye jua kali.

Mkielekea Natron asubuhi mnakwenda kaskazini, jua liko kulia kwenu. Mdogo wako mkalisheni kushoto. Mkirudi asubuhi litakuwa kushoto, mhamishieni kulia.

Tarangire usiende nayo. Mbung'o wanaingia kwenye turubai kama wako kwao, wanafuata rangi ya bluu na nyeusi, na simba haombi mlango. Pumzikeni Mto wa Mbu, mrudi nyumbani.

Fundi_Kijenge

Nimesahau kitu kikubwa. Mkikwama na mtu akawavuta, kila mtu ashuke na kusimama mbali, upande, si kwenye mstari wa kamba. Kamba ikikatika au shakeli (pingu ya chuma ya kuunganishia kamba) ikichomoka inaruka kama risasi, na gari lako halina kioo wala bati nyuma ya vichwa vyenu. Usifunge kwenye bampa, funga kwenye ndoano ya chesesi. Katikati ya kamba tandika blanketi zito liizuie isiruke.

Halafu turubai halifungwi na kufuli. Chomelea kasha la chuma chini ya kiti cha nyuma, simu na nyaraka zikae humo.

Mwana_wa_Sakina

Wakuu, Mungu awabariki. Leo nimepeleka gari, mkanda wa nyuma unafungwa na bomba limekutwa bolti mbili zimelegea. Mama K, kofia mke wangu anaishona kamba sasa hivi, na safari hii mama amepakia kanga mbili za kujifunika.

Nimempa dogo simu asome yote. Ana swali moja: darubini yake ya kuazima itaharibika na vumbi?

Dereva_wa_Lengai

Mwambie aivishe soksi safi, aiweke kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko. Asiifungue gari likiwa linakwenda. Lenzi asifute kwa kanga, apulize kwanza. Na mkifika aende ziwani saa 12 na nusu asubuhi akiwa na mwenyeji, heroe huwa karibu na jua bado halijachachamaa.