Mkaa upigwe marufuku majumbani Tanga: ndiyo au hapana?

Mtoa Mada: Wakuu, mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishaambiwa ziache. Sasa je, hapa jijini mkaa uzuiwe mpaka majumbani, au bei iachwe iamue? Magunia yanayoshushwa Ngamiani yanatoka Handeni na Kilindi, na tanuru la udongo hula kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo 1 ya mkaa. Atakayekuja na hoja ya wali wa nazi akalale.

Bi Mkubwa wa Chumbageni: Akalale nani? Waja leo waondoka leo, na wewe ushaanza kutufunza jiko! Wali wa nazi hupaliwa. Tui likikauka, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, dakika 20. Kwenye gesi hayo ya juu utayaweka wapi?

Fundi Majiko: Shikamoo Bi Mkubwa. Makaa ya juu kazi yake ni kuupasha mfuniko, mvuke usigeuke maji ukaudondokea wali. Kwenye gesi fanya hivi: mchele ukianza kutoboka vitundu juu, tia kikaango cha chapati juu ya jiko, sufuria juu ya kikaango, moto wa mwisho kabisa, kitambaa kikavu chini ya mfuniko na pindo zikunjwe juu zisishike moto. Dakika 15 hadi 20. Wanaounguza wengi wanatumia kile kichomeo kinachofungwa juu ya mtungi wenyewe wa kilo 6. Ukikipunguza, upepo kidogo unakizima na gesi inaendelea kutoka, nayo ni nzito kuliko hewa, inatanda sakafuni. Tafuteni jiko la mezani lenye mpira na regulata.

Kopo Moja: Kwa hiyo dawa ya umaskini ni kununua jiko la pili. Ahsante fundi. Mkaa unauzwa kwa kopo, gesi inauzwa kwa kopo wapi?

Hesabu Kwanza: Kopo ndilo linalokumaliza. Jiko la bati linapoteza zaidi ya robo tatu ya joto lake pembeni. Kilo 6 za gesi zinafanya kazi ya kilo kama 28 za mkaa kwenye bati, au kama 17 kwenye jiko bora la udongo. Chukua bei ya kopo la mtaani kwako, lipime kwa mizani upate bei ya kilo, uzidishe kwa hizo 28 au 17. Sikutajii bei, Makorora na Raskazone si mamoja.

Kopo Moja: Mizani yako haijanipa fedha ya kujaza mtungi kwa mkupuo. Mwenye kibarua cha siku ananunua cha siku. Zuieni mkaa muone watu wanavyorudi kwenye mikoko.

Mzalendo Halisi: Mimi nauliza, gesi tunayo Songosongo, tunayo Mtwara, kwa nini mitungi ijazwe gesi iliyokuja na meli? Hapo pana watu wanakula.

Fundi Majiko: Hapana ulaji hapo, ni maumbile ya gesi. Ya Songosongo karibu yote ni methani, haigeuki kimiminika kwa mgandamizo wa mtungi wa nyumbani. Ya mitungi ni propani na butani, zinakuwa kimiminika kwa mgandamizo mdogo tu. Methani inataka bomba mpaka jikoni, au mitungi mizito ya mgandamizo wa baa 200 kama ya magari. Bomba la gesi lilikwenda Dar, Tanga halijafika.

Mzalendo Halisi: Bomba la mafuta je? Hoima kule Uganda mpaka Chongoleani hapa Tanga, kilomita 1,443! Halafu dhambi ni kopo la mkaa la mama lishe.

Hesabu Kwanza: Yale mafuta ghafi yanapanda meli, hayapiki ugali. Ukitaka kuibana serikali, ibane kwenye umeme. Jiko la presha la wati 1,000 linaivisha maharage nusu kilo kwa chini ya nusu uniti, maana likishapanda presha linajizima na kujiwasha. Lakini mteja wa D1, yaani nyumba ya matumizi madogo, analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, zinazozidi anatozwa 350, kabla ya kodi. Taa, friji, feni, kisha ongeza kupikia uniti 30: umevuka. Mkakati unasema pika kwa umeme, bei inasema usithubutu.

Mtoa Mada: Hilo ndilo la kujadili! Turudi kwenye katazo basi.

Bi Mkubwa wa Chumbageni: Presha inapika wali wa nazi?

Fundi Majiko: Inapika, ila tui zito lisitangulie. Likikaa chini linaganda, linaungua, na jiko linajizima kabla mchele haujaiva. Pikia tui jepesi, ukishaachia presha ndipo utie zito, ufunike dakika 10 bila moto.

Bi Mkubwa wa Chumbageni: Huo bokoboko mwanangu. Na ukoko?

Fundi Majiko: Ukoko haupo, nakubali.

Kopo Moja: Umesikia, Mtoa Mada? Peleka hiyo kwa diwani wako.

Mtoa Mada: Nimeuliza sera, najibiwa ukoko.

Mpishi wa Sahare: Fundi, kile kikaango cha chini, hiki changu cheusi kisichoshika chapati kinafaa? Na masufuria yangu yanapata masizi kwa gesi, nimeambiwa gesi imechakachuliwa.

Fundi Majiko: Hapana, tumia cha chuma kitupu. Chenye mpako kikipashwa kikavu mpako unaharibika na unatoa moshi mbaya. Masizi ni moto wa njano, hewa haitoshi: zima, funga mtungi, toa vichwa vya jiko uvisugue, kisha tazama tundu la jeti, pale gesi inapotokea, buibui wanapenda kutaga humo. Ukishafunga tena paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likivimba, kaza au badili mpira. Usipime kwa kiberiti.