Mnaotuambia "kuwa muungwana" kila tukidai chetu, mnajua neno hilo limetokea wapi?

Wakuu, nina hasira na sifichi.

Kuna ofisi moja inanizungusha na risiti ninayo mkononi. Njoo kesho, mkubwa hayupo, mtandao umekata. Siku nilipopandisha sauti kidogo tu, yule wa dirishani akanitazama kwa huruma: "Mzee wangu, hebu kuwa muungwana." Na waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakamuunga mkono! Hapo ndipo nilipochefukwa. Siku hizi uungwana maana yake ni kufunga mdomo. Bosi hajalipa mshahara, kuwa muungwana, subiri. Mke kapigwa, wazee wanataka yaishe kiungwana, yaani asifike polisi.

Hebu tukumbushane. Katika miji ya pwani, Lamu, Pate, Mombasa, Unguja, muungwana hakuwa mtu mpole. Alikuwa mtu asiye mtumwa. Upande wa pili wa neno hilo walikuwa watumwa, nao waliwekewa madaraja: mjinga ndiye aliyeletwa karibuni kutoka bara, mzalia ndiye aliyezaliwa hapohapo pwani. (Ndiyo, "mjinga" huyuhuyu tunayetukanana naye humu.) Muungwana alivaa kofia au kilemba na viatu, mtumwa alitakiwa kupita mbele yake kichwa wazi, miguu mitupu. Aliyekuwa na haki ya kusema barazani akasikilizwa ni muungwana. Wa kunyamaza na kungoja amri ni yule mwingine. Sasa wewe unanitaka nikae kimya kwa jina la uungwana?

Adabu ilikuwepo, sikatai. Namna ya kusalimia, ya kumkirimu mgeni, ya kusema kwa mafumbo. Lakini ilikwenda pamoja na ujasiri. Mchukueni Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani: malenga, bingwa wa ngoma ya gungu, na mpiga upinde aliyeogopwa. Alipotiwa gerezani hakuambiwa na mtu atumie busara. Alimtuma kijakazi Saada kwa mama yake kwa shairi, mkate wa wishwa (makapi ya nafaka) ukaja na tupa ya kukatia chuma ndani yake, na ngoma ya gungu aliyoiomba mwenyewe ilipokuwa inarindima nje, yeye ndani anakereza minyororo. Walinzi walidhani wanaburudika. (Aliyehatarisha shingo yake kubeba ujumbe ni mtumwa, na hakuna utenzi wake. Hilo nalo lina uzi wake siku nyingine.)

Msinielewe vibaya, silisafishi neno. Lilikuwa la ubaguzi, na wenyewe walilitumia kuwakanyaga wenzao. Ndiyo maana napenda zaidi walivyolifanya waliokanyagwa. Karne ya 19 wapagazi wa misafara iliyotoka Unguja walijiita waungwana, wakati wengi wao walikuwa watumwa au wametoka utumwani juzi. Mvumbuzi wa Kizungu Henry Stanley alitembea nao 1874 hadi 1877 akawaandika hivyohivyo, "Wangwana", na huko Kongo Kiswahili kilichoenea na misafara kikaja kuitwa Kingwana. Walijitwalia jina la mabwana zao wakaenda nalo mpaka Mto Kongo! Unguja nako, utumwa ulipofutwa kisheria 1897, waliokuwa wamekatazwa viatu wakavaa viatu, wanaume wakavaa kanzu na kofia, na baadaye wanawake wakajitanda buibui kama mabibi zao wa zamani. Hawakumwomba mtu ruhusa.

Halafu leo kijana wa dirishani, ambaye babu yake na babu yangu huenda walipigania neno hilo, analitumia kunirudisha kwenye benchi.

Na asiniletee ile ya "muungwana akivuliwa nguo huchutama", maana aliniletea. Kuchutama ni kujisitiri. Hakuna mahali methali inapomkataza aliyechutama kuuliza kwa sauti nguo yake iko wapi na nani ameichukua.

Nimeandika barua, nimepeleka nakala kwa mkubwa wake, Jumatatu narudi dirishani na risiti yangu. Mwenye uzoefu wa kufuatilia hizi ofisi anipe njia.

Mods, msiuhamishie uzi huu jukwaa la lugha. Haya ni malalamiko.