Je, ukuta na ufa wa njia ya miguu ni makazi ya mimea?

Mkusanyaji: Ndugu wanajukwaa, ninaandaa orodha ya mimea inayojiotea yenyewe mjini, nami natakiwa kuipanga kwa aina za makazi. Hadi sasa nina bustani za umma, kingo za mto na viwanja vilivyotelekezwa. Mingine nimeikuta katika ukuta wa zamani na kwenye nyufa za njia ya miguu. Je, nizihesabu sehemu hizo, au mbegu ziliangukia hapo kwa bahati tu?

Kangaga: Zihesabu. Makazi hutofautishwa kwa udongo, maji, na mara ngapi mahali panakanyagwa, panafyekwa au panachimbwa. Wingi wa majani hauna uzito huo. Chokaa ya ukuta mkongwe humomonyoka kadiri miaka inavyopita, ikaacha vijitundu vinavyoshika vumbi na unyevu, na humo huota kangaga, hata miti ya jamii ya mtini ambayo mbegu zake huletwa na ndege. Utazame mmea uitwao *Cymbalaria muralis*: ua lake huelekea mwangani, lakini likishachavushwa kikonyo chake hugeuka kutafuta giza, hivyo tunda likaziingiza mbegu ndani ya ufa wenyewe. Sioni bahati hapo.

Msomaji wa Magugu: Kuhusu njia za miguu, watafiti walichapisha mwaka 2008 habari za *Crepis sancta* wa Montpellier, Ufaransa. Mmea huo huzaa mbegu nyepesi zinazopeperuka na nzito zinazodondoka chini yake. Katika vipande vya udongo vinavyozunguka miti ya barabarani, mbegu nyepesi nyingi huishia kwenye saruji, na mimea ya hapo imeonekana kuzaa mbegu nzito kwa kiwango kikubwa kuliko ile ya mashambani. Kwa hiyo kipande kidogo kama hicho ni makazi yanayoubadilisha mmea.

Mpita Reli: Mimi nina shaka na hilo fungu la “viwanja vilivyotelekezwa”, kwa kuwa ni pana mno. Kokoto za reli, kwa mfano, hukauka upesi na hushika joto, na ndiyo maana *Senecio squalidus*, mmea uliotoroka kutoka bustani ya mimea ya Oxford, ulisambaa Uingereza kwa kufuata reli katika karne ya 19: asili yake ni miteremko ya volkano ya Sicily, yenye mawe yaliyolegea vivyo hivyo. Kiwanja cha vifusi kina mimea mingine kabisa, nayo hubadilika kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo andika pia kila kiwanja kiliachwa lini.

Mkusanyaji: Ahsanteni. Reli nitaitenga, na ukuta nitaupa fungu lake.