Senta mbabe na wadunguaji wa nje: Hakeem, Shaq, Dwight au Jokić, nani aliwategemea zaidi?

Ribaundi_Mkongwe
Wakuu, tulinganishe mechi za mchujo za NBA tu: senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, na wenzake wanaodungua pointi tatu kutoka nje. Naanza na Hakeem wa Houston, 1995. Mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya Orlando, mwenzake Kenny Smith alizamisha pointi tatu mara 7. Ukimwachia Hakeem beki mmoja, anamdanganya kwa bega, beki anaruka, yeye anapita upande wa pili. Ukileta wa pili, mpira umeshafika kwa Smith au mwenzao Horry. Houston wakashinda 4-0. Namweka wa kwanza.

KonaYaKushoto
Mkuu, msimu ule mstari wa pointi tatu ulisogezwa karibu. Halafu 1994 Hakeem alichukua ubingwa mstari ukiwa kule kule mbali, mechi 7 na Knicks. Wa kwanza ni Dwight wa Orlando, 2009. Wenzake Turkoglu na Rashard Lewis, watu warefu kabisa, wamesimama nje wanadungua. Cleveland wakabaki hawajui wamfuate nani, mechi ya 6 Dwight akaondoka na pointi 40. Angekuwa na mbinu za Hakeem ningenyamaza, lakini hakuwa nazo. Njia tu ilikuwa nyeupe.

Dada_Asisti
Na fainali je? Lakers walishinda 4-1. Gasol na Bynum wao walikuwa na miili ya kusukumana naye, kwa hiyo wengine walibaki na wadunguaji wao. Senta asipolazimisha beki wa pili aje, mdunguaji anashinda kona akitazama mechi kama sisi.

Tofali34
Shaq mbona mnamruka? Fainali za 2000, wastani wa pointi 38. Alimhitaji nani?

Dada_Asisti
Kaka Tofali, alimhitaji Fisher, mwenzake wa Lakers, mfululizo wa 2001 na Spurs: mitupo 20 ya pointi tatu, 15 ndani. Pia hadi msimu ule ulinzi wa kanda, yaani kulinda eneo badala ya mtu, ulikatazwa. Beki ama aje kukaba wawili kweli kweli, ama abaki na mtu wake. Kuelea katikati hairuhusiwi. Sheria yenyewe ilikuwa inamfungulia Shaq nafasi.

Tofali34
Ikabadilishwa, na 2002 akachukua tena 😂

KonaYaKushoto
Haya, huyo simgusi. Ila Jokić leo hana bahati hiyo. Mechi ya 7 na Oklahoma City, 2025: Caruso, gadi wao, mfupi kuliko senta, kamwingia kwa mbele anamnyima pasi, na nyuma kuna mwingine aliyemtelekeza mtu wake bila wasiwasi. Denver ya Jokić ikafungwa 125-93. Pasi zake ni tamu, lakini anayepokea akiwa haogopwi, zinaishia hapo.

Ribaundi_Mkongwe
Nimesogea kidogo. Orodha yangu sasa: Dwight, Jokić, Hakeem, Shaq. Mtu wa Embiid yupo?

Tofali34
Embiid mwacheni. 2021, mechi ya 7 na Atlanta, Simmons yuko chini ya kikapu kabisa, akatoa pasi badala ya kufunga. Ninyi mnajadili wa nje, mwenzake alikosa hata wa ndani.